Kabla ya kuwasha spika, fungua bomba: majibu kwa wenye baa

Baa za Uganda zilifungwa kwa sababu ya korona Machi 2020, zikaruhusiwa tena Jumatatu ya tarehe 24 Januari 2022. Hiyo ni miezi 22. Maswali yaliyoletwa tangu siku hiyo ni mengi, na mengi kati yake yanahusu spika, taa za rangi na rangi ya ukuta. Hayo nimeyaweka kando. Rangi ya ukuta haijawahi kumwendesha mteja tumbo. Nimechukua yanayohusu maji, friji, gesi na kilichomo ndani ya chupa.

Nina kreti 40 za bia zilizobaki tangu siku ya kufunga. Vizibo havijaguswa na zilikaa kivulini. Naweza kuziuza nusu bei? (Mwenye baa, Mbale)

Hapana. Soma tarehe iliyopigwa shingoni mwa chupa au kwenye lebo. Bia ya chupa hupewa miezi sita hadi mwaka. Iliyotoka kiwandani mwanzoni mwa 2020 ilikwisha muda kabla hata ya lokdauni ya pili ya Juni 2021.

Haitaua mtu. Kileo cha asilimia tano pamoja na hopsi, yale maua machungu ya bia, haviwapi vijidudu vya maradhi nafasi ya kukaa. Lakini ile hewa kidogo iliyobaki chini ya kizibo imekuwa ikiila ladha muda wote huu: utaonja boksi lililolowa, na chini ya chupa utaona vumbi linaloelea. Ya chupa ya kijani, kama mwanga uliifikia, inanuka kicheche. Mteja akishaonja hiyo hatakumbuka kwamba ulimpunguzia bei. Na mkaguzi wa UNBS, shirika la viwango la Uganda, akiikuta rafuni hatakuuliza ulikuwa unaiuza kwa shilingi ngapi.

Usikimbilie kuimwaga pia. Kreti 40 za chupa 25 ni chupa 1,000, yaani lita 500. Mpigie msambazaji kwanza, andika idadi na tarehe, piga picha, mwombe mtu wa dipo aje ashuhudie na atie sahihi. Bila karatasi huna hoja, iwe kwa msambazaji au kwenye hesabu za kodi. Ukifika wakati wa kumwaga, usizimimine lita 500 kwenye tangi la maji taka siku moja. Bakteria wanaoozesha uchafu humo watavurugika, na choo kitafurika Ijumaa yako ya kwanza. Gawa kwa siku kumi na usukumize kwa maji mengi. Chupa na kreti rudisha, ni pesa.

Hukuuliza, lakini nakuongezea: soda za plastiki zimepoteza gesi, zitupe. Divai iliyofunguliwa sasa ni siki. Vileo vitamu vya maziwa angalia tarehe hata kama kizibo ni kizima. Whisky, vodka na waragi ambazo hazijafunguliwa ziko salama. Zilizofunguliwa mwaga, kwa sababu hujui ni nani aliyekuwa na ufunguo wa stoo miezi yote hiyo na aliongeza nini humo.

Baa inanuka choo ingawa choo tumekisugua. Fundi anasema tubomoe sakafu. (Jinja)

Msibomoe kitu. Chini ya kila sinki na kila tundu la sakafuni kuna kona ya bomba ambayo lazima ikae na maji. Maji hayo yamekauka, kwa hiyo hewa ya mtaro inapanda, na mende wanapanda nayo. Mwaga nusu ndoo kwenye kila tundu, subiri saa moja. Huyo fundi mpeni nauli arudi kwao.

Tangi letu la lita 1,000 lilibaki na maji nusu tangu tulipofunga. Tunaweza kuyatumia kuosha glasi tu? (Baa ndogo ya mtaani, Katwe)

Hiyo "tu" ndiyo inayonitisha. Glasi inagusa mdomo. Mnataka kuosha mdomo wa mteja kwa maji yaliyolala miezi 22?

Toeni maji yote. Sugueni kuta na sakafu ya tangi kwa brashi na sabuni, mtoe ule utelezi wote na tope la chini. Suuzeni, jazeni upya, halafu mwage Jik ya asilimia 3.5, lita moja na nusu kwa tangi la lita 1,000. Fungueni kila koki ndani ya baa, moja moja, mpaka harufu ya klorini itoke, kisha fungeni mlale. Watu wengi wanasafisha tangi wakasahau paipu, na ute wenyewe umeshikamana ndani ya paipu. Asubuhi mwageni yote kupitia koki hizo hizo, jazeni, mwage tena mpaka harufu iishe. Mashine ya barafu, kama ipo, barafu ya mikupuo miwili ya kwanza ni ya kutupa.

Na Jik isikutane na dawa ya choo yenye asidi, hata kwenye ndoo moja ya kupigia deki. Inatoa gesi inayochoma mapafu.

Tuna mabomba mawili ya bia ya pipa, mpira wa mita 12 kila mmoja. Tumepitisha maji ya moto mara tatu, bado bia inatoka chachu na povu tupu. Pipa lina kasoro? (Meneja, Entebbe)

Pipa halina kosa, mradi tarehe yake haijapita, maana bia ya pipa huisha mapema kuliko ya chupa. Kosa ni la mpira. Bia iliyoachwa ndani ililisha hamira na bakteria, wakajenga ute unaong'ang'ania ukuta wa mpira, na juu yake pakaganda chokaa ya bia. Maji ya moto hayang'oi chokaa hiyo. Yanachofanya ni kulainisha mpira na kuuharibu zaidi.

Mpira uliolala na bia miezi 22 hausafishwi. Unakatwa, unatupwa. Nunueni mpya wa daraja la chakula. Ule wa kumwagilia bustani utaipa bia harufu ya tairi. Vipande vya chuma vinabaki. Bomba la kumiminia lifungueni lote, lowekeni vipande, sugueni kwa brashi ndogo na mbadilishe oringi, zile pete za raba. Kisha hata mpira mpya usafisheni hivi, na mrudie kila wiki, au ikizidi sana kila wiki mbili:

Ondoeni pipa, pitisheni maji baridi mpaka yatoke meupe. Changanyeni dawa ya kusafishia mikondo ya bia, ile ya magadi makali, kwa kipimo cha kwenye kopo. Nyingi ni karibu asilimia mbili. Dawa inaingia kwenye maji, si maji kwenye dawa, na anayechanganya avae glavu na miwani kwa sababu ikiruka jichoni anapoteza jicho. Mpira wa milimita 9.5 unabeba mililita 70 kwa kila mita, kwa hiyo mita 12 ni kama mililita 850. Lita tano zinatosha mikondo miwili na mabomba yake. Vuta mpaka dawa itokee bombani, acha dakika 20, ukivuta kidogo kila baada ya dakika kumi. Usiiache usiku kucha eti ifanye kazi vizuri. Kisha suuza kwa maji baridi, na upime yanayotoka kwa karatasi ya litmasi: rangi iwe sawa na ya maji ya koki. Kuonja kwa ulimi si kipimo.

Povu likibaki baada ya hapo, bia yenu ni ya moto. Pipa la lita 50 halipoi kwa saa tatu. Lipeni siku nzima.

Na ule mtungi wa gesi ya kaboni: ufungwe kwa mnyororo ukiwa wima, viungo vipimwe kwa povu la sabuni. Chumba cha mapipa kilichofungwa muda mrefu kifunguliwe mlango nusu saa kabla mtu hajaingia. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, inatuama chini kama maji ndani ya beseni, haina harufu, na anayeinama kuokota kitu huenda asiinuke.

Friji inanguruma lakini bia haipoi. Niongeze gesi? (Arua)

Kila mtu anataka kuongeza gesi. Gesi ya friji haikauki kama maji ya tangi. Kama imepungua kuna tundu, na ukiongeza bila kuliziba umelipa bure.

Anza na vya bure. Nyuma au chini kuna nyavu za chuma zilizojaa vumbi na viota vya panya. Zima umeme, zipige brashi. Angalia na nyaya hapohapo, panya anapenda kuguguna ganda lake. Weka noti ya shilingi elfu moja kwenye mlango, ufunge, uvute: ikitoka bila kukaza, raba ya mlango imekufa. Sogeza friji sentimita kumi kutoka ukutani. Oshea ndani kwa magadi ya kuokea, vijiko viwili vya chakula kwa lita ya maji, harufu ya ukungu iondoke. Iwashe tupu siku nzima, uweke kipimajoto ndani ya glasi ya maji. Kikisoma nyuzi 2 hadi 4, pakia. Kreti sita za joto la chumbani zinataka usiku mzima, kwa hiyo anayepakia saa kumi jioni akilaumu friji saa moja usiku ajilaumu mwenyewe. Umeme wa kwenu ukicheza, weka kifaa cha kulinda friji kinachochelewesha kuwaka dakika tatu. Kompresa ikizimika na kuwaka papo hapo inaungua.

Tununue bunduki ya kupima joto? Na ile mashine ya kunyunyizia watu dawa mlangoni? (Wengi mno)

Bunduki: wengi wenye korona hawana homa. Mashine: haiui kirusi kilicho ndani ya mtu, inachoma macho na ngozi. Pesa hizo toboeni nazo ukuta wa pili mweke dirisha, ili hewa iingie huku itokee kule. Turubali mlilofunga pande zote kuzuia upepo lifungueni. Mlangoni wekeni maji na sabuni. Na mpunguze spika, kwa sababu watu wakipigiana kelele sikioni wanatemeana zaidi kuliko wakiongea.

Wazee wetu wa malwa, pombe ya ulezi inayonywewa chungu kimoja kwa mirija, hawataki kila mtu aje na mrija wake. Wanasema maji ya moto chunguni yanaua kila kitu. (Soroti)

Waheshimiwa wazee, maji ya moto yanaingia chunguni. Mdomo uko upande wa pili wa mrija, mbali kabisa. Ncha hiyo haijawahi kuguswa na maji ya moto hata siku moja.

Kila mtu na mrija wake, ufungwe uzi wa rangi yake asikosee akishakolea. Wakimaliza, pitisheni maji safi ndani kwa nguvu, mvue kichujio cha chini ambako makapi ya ulezi yanachacha, mkichemshe dakika kumi, na mirija ianikwe ikiwa imesimama. Vyungu viwili vidogo vya watu wanne wanne ni bora kuliko kikubwa cha watu kumi, chini ya mwembe, si ndani ya kibanda. Watu kumi wakikaa duara uso kwa uso chumbani, hata mirija ikiwa ya dhahabu, pumzi ni ileile.

Kuna mtu analeta spiriti ya jerikani lita 20, anasema ni ya watengeneza sanitaiza, bei nusu. Nimeiwasha, mwali ni wa bluu. Si dalili nzuri? (Kasese)

Si dalili ya kitu chochote. Kileo cha kunywa kinatoa mwali wa bluu, na methanoli inatoa mwali wa bluu ambao mchana hata huuoni. Kuonja hakusaidii, kunusa hakusaidii, kuloweka minyoo hakusaidii. Ni maabara tu. Spiriti iliyotengenezwa kwa ajili ya kusafisha mikono hairudi kuwa ya koo, hata ukiichemsha na kuipaka rangi ya waragi.

Mililita kumi za methanoli safi zinaweza kumpofusha mtu, 30 zinaweza kumuua. Hilo ni funda moja au mawili. Kabale, Aprili 2010, watu zaidi ya 80 walikufa kwa waragi iliyotiwa methanoli. Na hila yake ni kuchelewa: mteja analewa kawaida, analala, saa 12 au 24 baadaye anaamka na tumbo linalokata, kichwa, na macho yanayoona kama yuko ndani ya ukungu. Huyo si wa maziwa wala supu. Ni wa hospitali kubwa, sasa hivi, na mumwambie daktari alikunywa nini na wengine waliokunywa naye ni akina nani.

Pakiti za plastiki zilipigwa marufuku 2019 na chupa ndogo kabisa inayoruhusiwa ni mililita 200. Nunua iliyofungwa, kwa msambazaji anayetoa risiti. Anayekuletea jerikani usiku ana sababu ya kupenda usiku.

Majirani wametushtaki kwa kelele. Sheria inasemaje? (Wandegeya)

Kanuni za kelele za 2003 ziliweka desibeli 55 mchana na 45 usiku kwa mtaa wa makazi uliochanganyika na biashara na burudani. Mtaa wa makazi matupu ni 50 na 35. Usiku unaanza saa nne. Watu wawili wakizungumza kawaida mezani wanakaribia 60, sasa pimeni wenyewe mlipo. Spika za besi ziondoeni ukutani, ziwekeni juu ya raba nene, zitazame ndani. Majirani wamelala kimya miezi 22. Wameshaonja usingizi.

Wateja wa 2020 wana madeni ya daftarini. Niwadai au nisamehe? (Busia)

Dai kabla hujawafungulia chupa ya kwanza. Baada ya chupa ya pili una deni jipya.

Mvua ikinyesha tunaingiza sigiri ya muchomo (nyama choma) ndani. Dirisha moja liko wazi. Inatosha? (Gulu)

Haitoshi. Makaa yanatoa gesi isiyo na harufu inayokamata damu mahali pa hewa safi. Mtu anaumwa kichwa, anapepesuka, anataka kulala, na ndani ya baa kila mtu atasema amelewa. Jengeni kibanda cha mabati nje, futi sita kwa sita, sigiri ikae huko na mchomaji avae koti.