Wanajadili nini, kama hakuna katekisimu?

Dada, umeuliza watu wazima wa kanisa la Waunitariani (kwa asili, Wakristo walioamini Mungu ni mmoja tu, si Utatu) wanakaa kujadili nini ikiwa hakuna kanuni ya imani ya lazima. Yanayowagusa! Waunitariani na Wauniversali (walioamini watu wote wataokolewa) waliungana Marekani mwaka 1961, na wanashikilia kwamba kila mtu autafute ukweli kwa uhuru na uwajibikaji. Hapa Kampala hiyo ina maana ya kuzungumzia mahari, ukimwi, mazishi ya ndugu aliyebadili dini, sala isiyojibiwa. Sisi hukaa duara, hakuna kumkatiza mtu, na mama mzee akisema Kiganda tunamtafsiria. Yanayosemwa hayatoki nje. Hilo lishikeni kuliko yote, maana siri ikivuja mara moja tu, wiki inayofuata watu wanakuja kunyamaza.