Kuchora likeni: anza na ukingo, rangi ije baadaye

Ndugu uliyeuliza kwa nini likeni unazozichora mashambani huishia kuwa madoa ya rangi yasiyofanana na kitu chochote, hata mimi nilikwama hapo hapo kwa misimu miwili. Nadhani kosa lako, kama lilivyokuwa langu, ni kuanza na rangi.

Rangi ya likeni haina msimamo. Likeni ni kuvu inayoishi pamoja na mwani, au na bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, na mara nyingi wenzi hao wamelala chini ya ngozi nyembamba ya kuvu. Ngozi hiyo ikikauka huwaficha, lakini ikilowa hupitisha mwanga na ukijani wa mwani hujitokeza. Niliwahi kutumia asubuhi nzima kuchanganya kijivu chenye ubuluu kwa ajili ya likeni iliyokuwa kwenye gome la mti. Nikarudi kesho yake baada ya mvua, nikaikuta ya kijani kama jani changa, hata nikadhani nimekosea mti. Tangu siku hiyo huandika pembeni mwa kila mchoro iwapo likeni ilikuwa kavu au imelowa, na nikipata nafasi huichora kwanza ikiwa kavu, kisha huinyunyizia maji na kuichora tena kando yake. Jua nalo lina mchango wake: likeni iitwayo Xanthoria parietina, ambayo mahali penye jua ni ya njano au ya rangi ya chungwa, kivulini huweza kuwa ya kijivu inayoelekea kijani.

Umbo ndilo la kushikilia, na umbo hilo utalisoma vizuri zaidi ukingoni. Tazama iwapo ukingo umegandamana na jiwe kiasi kwamba huwezi kuuinua, au umejigawa katika vipande vinavyofanana na vijani vyenye ncha zilizoinuka kidogo, au mwili wote umesimama na kutoa matawi kama kichaka kidogo. Mimi huuchora ukingo wote kwa penseli ngumu kabla ya kugusa sehemu ya katikati, kisha ninatia kivuli chembamba chini ya kila ncha iliyoinuka. Kivuli hicho peke yake huiondoa likeni katika hali ya doa. Rhizocarpon geographicum ni mwalimu mzuri wa hatua hii, kwa kuwa vipande vyake vya njano-kijani huzungukwa na mstari mweusi, kana kwamba mtu amekwisha kukuchorea ramani.

Baada ya ukingo, chukua lenzi ya mkono inayokuza mara 10. Utaona visahani vidogo ambamo kuvu hutengeneza spora zake, yaani chembe ndogo za kuzaliana, au vumbi laini kama unga, au vijiti vifupi vilivyojaa juu ya ngozi. Usijaribu kuvichora vyote. Chora eneo dogo kwa ukubwa wa kuridhisha, weka kando yake mstari wa kipimo wa milimita 5, na sehemu iliyobaki iachie nukta chache. Mwanga wa pembeni, wa asubuhi au wa jioni, huvionyesha visahani hivyo kuliko jua la utosini, ambalo husawazisha kila kitu.

Kuhusu swali lako la kubandua kipande ukachoree nyumbani, sikushauri. Rhizocarpon niliyoitaja hukua chini ya milimita 1 kwa mwaka, na doa lenye upana wa kiganja huenda likawa na umri mkubwa kuliko wako. Chukua kile kilichoanguka chenyewe pamoja na tawi, ambacho pia hukuruhusu kuugeuza na kuuchora upande wa chini, wenye vijimizizi na mara nyingi rangi nyeusi au ya kahawia.

Rangi za maji zije mwisho kabisa. Likeni iliyo nyeupe iache iwe karatasi tupu, na uitie rangi jiwe lililoizunguka.