Chupa ya 2015 juu ya kabati: ningoje au nifungue?

SWALI: Mimi ni mstaafu wa jeshi, niko Jinja. Kijana wangu anafanya kazi Cape Town, aliniletea chupa ya Chardonnay, waini nyeupe, ya 2015 kutoka Walker Bay, ya bei kali. Tangu 2021 iko juu ya kabati la jikoni, naitunza kwa ajili ya kwanjula (sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa familia) ya binti yangu. Kuna jamaa kwenye gurupu letu la WhatsApp anajiita mtaalamu wa waini, ananiambia nisiiguse mpaka 2035, eti bei itapanda na ladha itazidi, ila niwe naizungusha kila Jumapili isilale. Nimfuate? Na siku ya kuionja nifanyeje?

JIBU: Afande, iteremshe hiyo chupa leo, hata usimalize kusoma.

Juu ya kabati la jikoni ndiyo sehemu yenye joto kuliko zote ndani ya nyumba, mabati hapo juu, jiko hapo chini, na Jinja mchana wenyewe unaujua. Waini ya aina hiyo inataka nyuzi 12 au 13 hivi, gizani, imetulia, na kama ina kizibo cha koki basi ilale kwa ubavu ili koki isikauke ikaanza kupitisha hewa. Wakemia wana kanuni yao ya makadirio kwamba ukiongeza nyuzi 10 za joto mabadiliko ya kikemia yanaenda karibu mara mbili ya mwendo wake, kwa hiyo hiyo miaka yako ya jikoni usiihesabu kama miaka ya ghala la baridi, chupa imezeeka kuliko lebo inavyosema.

Sasa huyo jamaa yako. Hii habari ya "waini kadiri inavyozeeka ndivyo inavyonoga" nakutana nayo kila wiki, na kinachoniudhi ni kwamba wanaoisambaza wanalipwa kwa kuisambaza. Waini nyingi duniani zimetengenezwa zinywewe ndani ya mwaka mmoja, miwili, mitatu, basi. Nyeupe zinazostahimili kukaa ni chache, na Chardonnay nzuri ya pwani ni mojawapo, lakini ina sababu zake. Walker Bay iko upande wa Hermanus, kama kilomita 120 kutoka Cape Town, upepo wa baharini unapooza mashamba, zabibu zinaiva polepole na hazipotezi ile asidi yake. Kisha waini nyingi za daraja la juu za huko zinachachushwa ndani ya mapipa ya mwaloni ya lita 228 na kuachwa juu ya mashapo ya hamira kwa miezi, hapo ndipo inapopata uzito mdomoni. Asidi na uzito, hivyo ndivyo vinavyoibeba. (Na akija mwingine akwambie ni chumvi ya bahari imeingia kwenye zabibu, mpishe aende zake.)

Hata hivyo kustahimili si kuishi milele. Inapanda, inafika kileleni, inashuka, na nyingi za daraja hilo kilele chake kiko kati ya mwaka wa 5 na wa 10 zikitunzwa vizuri. Wafaransa wa Burgundy, nyumbani kwa Chardonnay kwenyewe, wenye maghala ya baridi chini ya ardhi, kuanzia mavuno ya katikati ya miaka ya 1990 walianza kupata chupa za bei mbaya zilizoharibika kwa hewa kabla ya wakati wake na mpaka leo wanabishana sababu. Sasa wewe na kabati lako la Jinja ungoje 2035? Na hao wanaouza chupa za Cape za miaka ya 80 kama dhahabu, wajue mwaka 1986 kulikuwa na tume ya uchunguzi huko Afrika Kusini, ikabainika baadhi ya miche iliyoingizwa kwa magendo ikapandwa kama Chardonnay ilikuwa Auxerrois, zabibu nyingine kabisa.

Kuzungusha kila Jumapili kumetoka kwenye shampeni, kule kiwandani wanazungusha chupa ili mashapo yateremke shingoni wayatoe. Yako haina kazi hiyo, unaisumbua bure. Ukiona chembe nyeupe zinazong'aa chini au kwenye koki usishtuke, ni chumvi ya asidi ya zabibu, haina madhara.

Kuonja sasa. Kwanza toa ile karatasi ya shingoni uangalie koki, kama imejisukuma juu ya mdomo wa chupa au kuna utomvu unanata, joto limeshapita hapo. Iweke kwenye friji masaa matatu, imesimama, halafu itoe ikae nje dakika 15 au 20 kabla ya kumimina, kwa sababu ikiwa baridi kama bia hutanusa chochote. Barafu ndani usiweke, soda ndio kabisa usithubutu. Glasi iwe yenye tumbo, mimina theluthi moja tu. Ishikilie mbele ya karatasi nyeupe, rangi ya dhahabu ni sawa kwa umri wake, ikiwa kahawia kama chai ya rangi jibu umeshalipata. Nusa kabla ya kuitikisa. Ikiwa hai utapata asali, karanga za kukaanga, siagi kidogo, na nyuma yake limau bado ipo. Ukipata tofaa lililopondeka limekaa siku mbili, imekufa kwa joto na hewa. Harufu ya boksi lililolowa ni koki mbovu, hiyo si kosa lako wala la kabati. Halafu piga funda, zungusha mdomoni, meza, usikilize pembeni mwa ulimi: mate yakija yenyewe asidi ipo. Ikibaki ladha ya mbao tu, tunda limeshakwenda. Na usitafute sukari, hii si waini tamu.

Ifungue wiki hii, wewe na mama watoto, na kuku wa luwombo (aliyepikwa kwa mvuke ndani ya jani la mgomba) wa karanga au sangara wa kukaanga, pilipili mbali. Ikiwa nzima mtafurahi, ikiwa imekufa afadhali mjue nyinyi wawili kuliko wakwe mbele ya hema zima. Ya kwanjula nunua nyingine changa, ya miaka miwili mitatu, ikae ndani ya boksi lake sakafuni kwenye chumba kisichopigwa na jua mpaka siku yenyewe. Kizibo cha kusokota kisikutishe, watengenezaji wazuri wengi wanakitumia, wala usidanganywe na chupa nzito yenye shimo refu kitakoni, hiyo ni pesa ya kioo.

Na kwenye hayo magurupu, mtu akikutumia picha ya chupa ya zamani na bei yake, muulize swali moja tu, hiyo miaka yote ilikuwa imekaa wapi, kwenye nyuzi ngapi. Wengi wananunua kwenye maduka yaliyofungwa biashara chupa zilizosimama miaka dirishani jua linazipiga, wanafuta vumbi wanaziita za kale. Akishindwa kujibu akaanza tena kukutajia mwaka, funga hiyo chati.