Ukitaka kumfuata mwenza Ulaya, anzia bomani Lindi

Kila nikirudi Lindi, hasa msimu wa korosho watu wakiwa na hela mkononi, sikosi kijana wa kunivuta pembeni. "Kaka, na mimi nina mtu wangu kule. Nichukue viza gani?" Namjibu kwa maswali mawili: huyo mtu wako ni raia wa huko au naye ni mgeni mwenye kibali? Na mmeoana au bado? Asilimia kubwa ya jibu imo humo.

Mimi ni Mmwera wa hapa hapa, mke wangu ni Mjerumani, tunaishi Leipzig. Njia ya Ujerumani nimeipita mwenyewe. Za nchi nyingine nimezijua kwa kuwasaidia ndugu kujaza fomu, kwa hiyo nitazigusa tu. Wapo waliocheka nilipoondoka: mwanamume mzima anamfuata mke! Nikawakumbusha kwamba kwetu Wamwera, na kwa jirani zetu Wamakonde, babu zetu wengi walihamia ukweni na kulima huko. Ukweni kwangu kuna baridi tu, basi.

Turudi kwenye maswali. Kama mwenza wako ni raia wa Ujerumani na mmeoana, kwa kawaida mshahara wake hauwi sharti la wewe kupewa viza. Kama ni Mtanzania mwenzetu anayeishi kule kwa kibali cha kazi, hapo atabanwa: kipato chake, nyumba yake ina nafasi ya watu wawili au ni chumba cha kupanga, kibali chenyewe kimebakiza muda gani. Na kama ni raia wa nchi nyingine ya Umoja wa Ulaya anayefanya kazi Ujerumani, tuseme Mpolandi au Mtaliano, mnaingia kwenye sheria ya Ulaya ya uhuru wa kuhama. Hapo viza ya mke au mume haina ada, na mtihani wa Kijerumani haudaiwi. Wengi hawalijui hili. Namfahamu dada wa Mtwara aliyekesha na kamusi kwa ajili ya viza ambayo haikumtaka aseme hata "guten Tag".

Uingereza ni habari ya pesa. Tangu Aprili 2024 mwenza aliyeko huko anatakiwa awe na kipato cha angalau pauni 29,000 kwa mwaka. Kama hana, basi akiba ya pauni 88,500 iliyotulia benki miezi 6. Juu yake kuna ada ya viza yenyewe, pauni 1,035 za huduma ya afya kwa mwaka ambazo zinalipwa mbele, cheti cha kupima kifua kikuu na Kiingereza cha ngazi ya A1, yaani ile ya mwanzo kabisa. Ukipita, unapewa miezi 33, unaongeza, na baada ya miaka 5 unaomba ukaaji wa kudumu. Canada ni wapole zaidi: kwa kawaida hawaweki kima cha mshahara kwa anayemwita mke au mume, anakuwa mdhamini wako kwa miaka 3, na wewe ukitua uwanja wa ndege tayari ni mkazi wa kudumu. Marekani wana viza ya uchumba, ile K-1, inayotaka muwe mmeonana ana kwa ana ndani ya miaka 2 kabla ya maombi na muoane ndani ya siku 90 baada ya kufika. Na wana njia ya ndoa, ambayo unaingia nayo kama mkaazi. Ila tangu 2025 kanuni zao zinabadilishwa kwa matangazo ya mara kwa mara. Soma tangazo la karibuni la ubalozi kabla hujalipa hata senti.

Sasa msimamo wangu, na najua wapo watakaobisha: kwa mtu wa huku kwetu, oeni kwanza, na oeni nyumbani. Viza ya uchumba inavutia kwa sababu inaonekana nyepesi. Uingereza inakupa miezi 6, huruhusiwi kufanya kazi, na mkishaoana mnaomba upya na kulipa upya. Ujerumani nayo ina viza ya kwenda kufunga ndoa, lakini ofisi ya ndoa ya kule itataka hati ya kwenu inayothibitisha kwamba sheria inakuruhusu kuoa. Kwa nchi ambazo hazitoi hati ya aina wanayoitaka wao, faili linapandishwa hadi kwa rais wa mahakama ya juu ya mkoa ili akusamehe sharti hilo. Mtihani wa A1 bado unadaiwa vilevile. Kwa hiyo umekimbia foleni moja ukaingia mbili.

Kuna na wale wanaoshauriana kwenda kwa viza ya utalii, waoane Denmark, halafu wabaki. Denmark kweli wanafungisha ndoa za wageni bila mlolongo mrefu, na cheti chao kinaheshimika. Lakini viza ya utalii haigeuki kibali cha ukaaji kirahisi. Kwa kawaida utaambiwa urudi Tanzania ukaombe viza ya ndoa, safari hii ukiwa umeshaitumia nauli.

Ndoa ya bomani haina makuu. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka mtoe taarifa ya kusudio siku 21 kabla, kwa hiyo mwenza anayekuja likizo ya wiki mbili itabidi mpange mapema. Mgeni aje na hati ya kwao inayoonyesha hana ndoa nyingine, na kama aliwahi kuoa au kuolewa, hati ya talaka. Msikitini au kanisani pia ni sawa, maana sheikh au padri mwenye leseni anasajili na kutoa cheti. Inayowakwamisha watu ni ile ndoa ya nyumbani: mashahidi wapo, ubani upo, pilau imelika, karatasi hakuna. Ndoa ya mkeka ubalozi hauijui. Na ukipewa cheti, kisome. Sheria yetu inatambua ndoa ya mke mmoja na ya wake wengi, na Ujerumani haitoi kibali kwa mke wa pili wakati wa kwanza anaishi na mume huko.

Hapa ndipo nataka tukae kidogo: majina. Cheti changu cha shule ya msingi kinasema Hamisi. NIDA wameandika Khamis. Jina la tatu kwenye cheti ni la babu, kwenye kitambulisho ni la ukoo. Kwetu hilo si jambo, mtaa mzima unajua ni mimi. Lakini faili lako litasomwa na mtu ambaye hajawahi kufika Kusini, na kwake Hamisi na Khamis ni watu wawili. Kabla hujagusa fomu ya viza, tandaza karatasi zako zote mezani uzisome jina kwa jina, herufi kwa herufi: cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule, kitambulisho, cheti cha ndoa, na tarehe za kuzaliwa pia. Saidi na Said, Hadija na Khadija, Zuhura na Zuhra. Rekebisha kwanza.

Wengi wetu tuliozaliwa vijijini cheti cha kuzaliwa hatuna kabisa. Usajili wa waliochelewa unapitia ofisi ya Katibu Tawala wa Wilaya, kwa niaba ya RITA, wakala wa serikali wa usajili, na wanataka ushahidi: kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, cheti cha shule. Mama yangu aliitoa kadi yangu ya kliniki kwenye mfuko wa rambo, imekunjwa katikati ya risiti za chama cha msingi za miaka hiyo. Imechanika kwenye mkunjo, lakini uzito wa kuzaliwa na jina la zahanati vinasomeka. Wazee wetu hawatupi karatasi. Waulizeni kabla hamjakata tamaa. Jina likigoma kulingana, nenda kwa wakili akuandalie hati ya kiapo, au mbadilishe jina rasmi na kusajili. Pasipoti iwe ya mwisho, ibebe jina lililokwisha kunyooshwa, maana shilingi 150,000 za pasipoti hutaki kuzilipa mara mbili.

Halafu lugha. Ujerumani inamtaka mke au mume wa raia wake awe na cheti cha A1 kabla ya viza. Mjusi mkubwa wa Tendaguru, yule dinosaria, alichimbwa hapa Lindi kati ya 1909 na 1913, akaenda Berlin bila mtihani wowote, na hadi leo amesimama makumbusho. Sisi wengine tunafanya mtihani. Goethe-Institut, taasisi yao ya lugha inayotoa mtihani huo, iko Dar, kwa hiyo hesabu na chumba cha kulala huko, au usome nyumbani kwa simu na kwenda kufanya mtihani tu. Mtihani una kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza, na unatakiwa kupata alama 60 kati ya 100. Sehemu ya kuandika utajaza fomu na kuandika ujumbe mfupi wa maneno kama 30. Haitishi.

Inayotisha ni ya kuzungumza, na kwa sababu ndogo. Utajitambulisha, kisha mtahini atakwambia utaje jina lako herufi kwa herufi, na namba fulani, mara nyingi ya simu. Sisi tumezoea herufi isomeke kama ilivyo. Kwa Mjerumani J ni "yot", V ni "fau", W ni "ve", Z ni "tset". Namba nazo wanaanza na mamoja ndipo makumi: 21 ni "moja na ishirini". Niliyataja majina yangu yote matatu bafuni, njiani, kwenye daladala, hadi konda akaniuliza kama naumwa. Ukilimudu hilo, roho inatulia na mengine yanakuja.

Ushahidi kwamba mnapendana kweli unakusanywa polepole. Picha mkiwa na ndugu zina nguvu kuliko picha mkiwa wawili ufukweni. Tiketi za safari, meseji za miaka, risiti za kutumiana hela, barua ya posa, daftari la michango ya harusi lenye majina ya wajomba: vyote weka. Ubalozi unaweza kuwahoji, hata kwa wakati mmoja, wewe Dar na mwenzako kule. Nilishangaa maswali yalivyo ya nyumbani: shemeji zako wangapi, nani alikuwa mshenga, nani anapika. Msikariri majibu. Wanandoa wa kweli hawakumbuki kila kitu sawasawa, na wahoji wanalijua hilo.

Baada ya hapo faili linasafiri kutoka ubalozini hadi ofisi ya wageni ya mji anaokaa mwenzako, na hao ndio wanaotoa ridhaa. Ni miezi. Usiache kazi wala kuuza kiwanja kwa sababu umepata tarehe ya miadi. Na tarehe ya miadi isikukute njiani: masika ya 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara ya Lindi kwenda Dar ilikatika Somanga na watu wakalala humo. Kipindi cha mvua tangulia siku kadhaa. Mtu akikwambia ana mjomba ubalozini atakayeharakisha faili, muage kwa heshima. Ada halali inalipwa kwa ubalozi au wakala wake aliyetangazwa na unapewa risiti.

Ukifika, ndani ya wiki mbili unasajili anwani. Kazi unaruhusiwa kufanya yoyote, jambo ambalo mwenye viza ya uchumba analisubiri. Kuna kozi ya lugha na maisha ya kule, saa 600 za Kijerumani na 100 za historia na sheria, na inakufikisha B1, ngazi ya kati. Jambo lisilopendwa kusemwa kwenye harusi: ndoa ikivunjika kabla hamjaishi pamoja kule miaka 3, kibali chako kinayumba, isipokuwa pale penye mateso makubwa kama kipigo. Dada zangu, hilo la kipigo lijueni kabla hamjapanda ndege.

Ukaaji wa kudumu kwa mwenza wa Mjerumani unaombwa baada ya miaka 3 yenye kibali, ukiwa na B1. Uraia nao uko karibu, na tangu tarehe 27 Juni 2024 Ujerumani hawakulazimishi kuacha uraia wako wa zamani. Kikwazo kipo kwetu. Sheria ya Uraia ya 1995 haimruhusu Mtanzania mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, na kwa Sheria ya Ardhi ya 1999 asiye raia kwa kawaida hamilikishwi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Nina mikorosho aliyoniachia baba kule Rutamba. Mke wangu amenishauri mara nyingi nichukue pasi ya kwao, nami namwambia aje avune kwanza.

Kwa hiyo nimebaki na pasi ya Tanzania na kibali cha Ujerumani, na wengi wenu mtafanya hivyo hivyo. Angalieni tu kwamba kibali cha muda kinakufa ukikaa nje zaidi ya miezi 6 bila ruhusa. Anayepanga kuja kupalilia, kuvuna, kupeleka ghalani na kusubiri malipo ya mnada aandikie kwanza ofisi ya wageni ya mji wake, apewe jibu kwa maandishi, ndipo akate tiketi.