Maswali ya Wasomaji: Filamu katika kozi ya mtandaoni

SWALI: Nafundisha historia katika chuo kimoja Marekani. Darasani nilikuwa naonyesha filamu nzima bila shida. Sasa kozi imehamia mtandaoni, nataka kuweka dakika nane za DVD niliyonunua. Wenzangu wanasema zisizidi sekunde 30. Ni kweli?

JIBU: Hizo sekunde 30 hazimo katika sheria, ni maneno ya kupokezana tu. Darasani ulikuwa ukilindwa na kifungu cha 110(1) cha sheria ya hakimiliki, ambacho mtandaoni hakifiki. Huko kinatumika cha 110(2), kilichoandikwa upya na Sheria ya TEACH ya mwaka 2002. Kwa filamu, kinaruhusu sehemu ya kiasi tu, inayohusiana moja kwa moja na somo. Kwa maoni yetu, dakika nane zinazochambuliwa tukio kwa tukio hujitetea vizuri kuliko dakika mbili za kupambia ukurasa.

Masharti yapo. Chuo kiwe na ithibati, kisiwe cha kibiashara, na kiwe na sera ya hakimiliki. Watazamaji wawe wanafunzi waliosajiliwa katika kozi hiyo tu. Kwa hiyo pandisha kipande ndani ya mfumo wa kozi wenye nywila, zima kitufe cha kupakua, weka tarehe ya kufungua na ya kufunga, na andika chini yake kwamba kinalindwa na hakimiliki. Wengi husahau tarehe ya kufunga, muhula ukaisha na video bado inachezeka.

DVD ina kufuli ya kidijitali inayozuia kunakili, na kuivunja ni kosa jingine chini ya kifungu cha 1201 cha sheria hiyohiyo. Walimu wa vyuo wana msamaha, unaopitiwa upya kila miaka mitatu (mara ya mwisho 2024), kwa vipande vifupi vya kufundishia vinavyotolewa maoni au uhakiki. Jiulize kwanza kama kurekodi skrini kungetoa picha safi ya kutosha; kama kungetosha, kufuli usiiguse.

SWALI: Je, nikiweka kipande hicho YouTube kwa kiungo cha siri?

JIBU: Hapana. Yeyote atakayetumiwa kiungo hicho ataona, na mitambo ya YouTube inaweza kukizuia katikati ya wiki ya mtihani. Ila kama mwenye filamu mwenyewe amekiweka huko, wape wanafunzi kiungo chake. Ukitaka filamu nzima, iombe maktaba ya chuo inunue leseni ya kuitazamisha mtandaoni. Akaunti yako ya nyumbani ya kutazama filamu mtandaoni haikupi ruhusa hiyo.