Jibu: Kazi ya mguu kwenye mpira, mbona napata jouli 21.5?

Mambo mkuu. Mpira wa kilo 0.43 unakuja na spidi mita 10 kwa sekunde, mchezaji anaupiga unarudi ulikotoka na 20, wewe unapata 21.5 kitabu kinasema 64.5. Cheki kwanza kama umetoa spidi kabla ya kuziskwea, madogo ninaowafundisha tuisheni hapa Area C Dodoma wengi wanakwama hapohapo. Kazi ya mguu ni nishati mwendo (nishati ya kitu kinachotembea: nusu mara kilo zake mara spidi skwea) ya mwisho kutoa ya mwanzo. Kwa hiyo skwea kila spidi peke yake, yaani izidishe kwa yenyewe, nusu mara 0.43 mara 400 ni 86, nusu mara 0.43 mara 100 ni 21.5, ndo utoe sasa, 64.5 hiyo hapo. Na mpira kurudi ulikotoka kusikuchanganye kabisa, nishati mwendo haina uelekeo, hata ukiweka hasi 10 ukiskwea ni 100 ileile.