Jifunze Maji Kabla ya Megawati

Kijana anayeripoti kazini kwenye kampuni ya umeme wa maji hufika akiwa na vituo vyote kichwani, amevipanga kwa megawati. Nami nilifika hivyo hivyo. Nilikoanzia sitapataja, lakini mfano wa wazi ni KenGen ya Kenya. Muulize mgeni anataka kupangiwa wapi, atakujibu Gitaru: megawati 225, mashine ziko chini ya ardhi, mahali pa kuwasimulia wenzako wa chuo. Mtajie Masinga yenye megawati 40, ataona umemtupa porini.

Sasa ufuate Mto Tana. Maji yanashuka kutoka Aberdare na Mlima Kenya, yanaingia Masinga, halafu Kamburu, Gitaru, Kindaruma, na mwisho Kiambere. Bwawa la Masinga, lililokamilika mwaka 1981, likijaa lina zaidi ya mita za ujazo bilioni 1.5. La Gitaru ni kama milioni 20 tu. Lile jitu la megawati 225 limeshika kikombe, na wakati wa kiangazi anayekijaza ni Masinga. Tena maji yakishafunguliwa Masinga yanazungusha mashine za vituo vitano kabla ya kuelekea Garissa. Mwaka 2009 ukame ulishusha kina mpaka mitambo ya Masinga ikasimamishwa, na nchi ikaingia kwenye mgao wa umeme. Kwa hiyo ukipangiwa "kule porini", beba begi lako uende. Hakuna darasa bora.

Kuna hesabu moja ambayo ningependa kila mgeni aifanye kwa mkono wake. Mita moja ya ujazo, yaani tanki la lita 1,000, ikishuka mita 100 inatoa takriban robo ya yuniti ya umeme. Matangi manne kwa yuniti moja! Ukishaipata hiyo, lango lililoachwa wazi kidogo halitakuwa tena jambo la kupita tu na kusema "fundi ataliona".

Nililichelewa somo hili. Katika zamu zangu za kwanza niliandika kwenye daftari la zamu: "Kina cha maji kiko sawa." Mzee aliyenipokea zamu alisoma, akavua miwani, akauliza, "Sawa na nini, kijana?" Sikuwa na jibu. Akanirudisha kwenye kipimo, usiku, na tochi yangu iliyokuwa ikififia, na nilipokuja na namba akauliza saa ngapi niliisoma. Nikarudi tena. Nilimkasirikia wiki nzima. Baadaye nilipiga hesabu nikaelewa: eneo la maji la Masinga likijaa ni kama kilomita za mraba 120, hivyo sentimita moja tu pale ni mita za ujazo milioni 1.2. "Sawa" yako inaweza kumeza maji mengi kiasi hicho. Andika namba, kipimo chake na saa. Ukikosea, piga mstari mmoja uandike upya pembeni, bila kufutafuta, maana daftari lililofutwa haliaminiki hata pale lilipo sahihi.

Kuhusu usalama sitasema mengi, utafundishwa: bila kibali cha kazi na kufuli yako mwenyewe ya kuzuia mtambo usiwashwe, usiuguse, hata bosi akiwa na haraka.

Jingine ni saa. Siku hizi mvuke wa kutoka ardhini kule Olkaria ndio unaobeba sehemu kubwa ya umeme wa KenGen, na mvuke hupenda kwenda mwendo mmoja usiku na mchana. Maji ni mepesi wa kuitika, mtambo unaamka kwa dakika chache. Ndiyo maana jioni, watu wakiwasha taa na televisheni kwa pamoja, wadhibiti wa gridi wanaigeukia mito. Mgeni anayekwenda kula saa moja na nusu usiku kwa sababu "mambo yametulia" bado hajaijua kazi yake.

Halafu kuna suala la wenye mali. Serikali ina asilimia 70 ya hisa za KenGen. 30 ziko kwa umma tangu mwaka 2006, zilipouzwa kwa shilingi 11.90 kila moja. Mgeni huona hiyo ni habari ya ghorofa za juu. Siyo. Kwa upande wa serikali, beringi ya kubadilisha mwakani hupitia taratibu rasmi za ununuzi, kwa hiyo andika mahitaji yako mapema na kwa usahihi. Ukiandika "beringi nzuri", utaletewa nzuri isiyoingia. Kwa upande wa soko la hisa, ile namba ya kina cha maji uliyoipiga picha ukaitupia kwenye kikundi cha WhatsApp si picha ya kujifurahisha. Mwekezaji ataisoma kama habari ya faida, mkulima wa Tana River ataisoma kama habari ya mafuriko, na wewe hukuwa msemaji wa yeyote kati yao. Iache kwenye daftari.

Na jiandae kwa matanga na harusi. Shemeji yako atakushika mkono aseme, "Wewe si ni mtu wa stima? Tokeni zimepanda, na jana tulilala gizani." KenGen inazalisha, anayesambaza na kuuza tokeni ni Kenya Power, kampuni nyingine kabisa. Nimelieleza hilo kwa miaka kwenye mikeka na kwenye matatu, na bado sijapata shemeji aliyelikubali. Siku hizi nasema pole, kisha naomba chai.